Vali ya Nusu kwa Nusu

Nchi inayosimuliwa hapa si yetu, na msomaji asianze kunyoosha kidole kwenye ramani. Yetu unaijua, imetulia. Hii ni nyingine, iko mbali, na kinachoifananisha na ya kwetu ni kwamba watu wake nao hula ugali.

Basi katika nchi hiyo ulifanyika uchaguzi. Kura zikahesabiwa, zikarudiwa kuhesabiwa, mpaka ikabainika kwamba kila chama kimeshinda na kila chama kimeibiwa. Chama cha Kiganja, ambacho alama yake ni mkono uliokunjuliwa na salamu yake ni "Achia!", kilimwapisha rais wake asubuhi. Chama cha Ngumi, ambacho alama yake ni mkono uliokunjwa na salamu yake ni "Kaza!", kikamwapisha wa kwake mchana. Watu wakarushiana mawe, nyumba zikachomwa, wapatanishi wakaja kutoka ng'ambo na chupa zao za maji, yakatiwa saini Maridhiano. Mkataba ulikuwa mnene, lakini kifungu kilichosomwa kilikuwa kimoja tu: kila jambo la serikali liamuliwe nusu kwa nusu.

Na kweli ikawa hivyo. Bendera, ambayo Kiganja waliitaka juu na Ngumi wakaitaka chini, ilipepea nusu mlingoti mwaka mzima, na mabalozi wakawa wanaleta rambirambi bila kuthubutu kuuliza nani kafa. Madirisha ya Bunge yaliachwa wazi nusu, ili mvua ikinyesha iwaloweshe waheshimiwa wa pande zote kwa haki. Wizara ya Viwanda ilikuwa na Waziri wa Kwanza, Mheshimiwa Bakiri Kilongo wa Kiganja, na Waziri wa Kwanza Vilevile, Mheshimiwa Dokta Pontiani Lweno wa Ngumi, maana hakuna aliyekubali kuitwa wa pili.

Kazi ya kuitafuta hiyo nusu ilikuwa na mwenyewe. Aliitwa Shomvi Mzingo, Afisa Maridhiano, na Mungu alikuwa amempa jicho. Ukimpa andazi, atalikata katikati na sisimizi washindwe kujua waende upande gani. Alizunguka wizarani akifungua milango nusu, akizima taa nusu, akipandisha na kushusha vyeo mpaka mizani itulie. Wapo waliomcheka, lakini Shomvi hakuwa mnafiki. Aliwaona kwa macho yake majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakichomeana nyumba, na tangu siku hiyo aliamini kwa moyo wote kwamba nusu ya kitu chochote ni bora kuliko damu.

*

Biashara iliyostawi katika nchi hiyo ilikuwa rangi. Kila jengo la umma lilitakiwa kupakwa nusu kijani cha Kiganja na nusu nyekundu ya Ngumi, na kila baraza la mawaziri likipanguliwa, pande zinagombea upya nani apewe ukuta wa mbele, wapaka rangi wanarudi kazini. Kiwanda cha Rangi cha Taifa hakikupumzika. Mtaa wa Mlegeo, uliokuwa kule upepo unakoelekea, ulivuta harufu ya tina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, mpaka wazee wakawa wanacheka misibani. Aibu ilipozidi, wafadhili walileta chujio.

Lilikuwa tangi kubwa la chuma lililojazwa mkaa, na moshi wote wa kiwanda ulipitishwa humo kabla ya kutoka nje. Mkuu wa mtambo huo alikuwa Mhandisi Mishi, mke wa huyo huyo Shomvi, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Siku ya kuusafisha mkaa ilipokaribia, alimweka mumewe kitako baada ya chakula.

"Nisikilize, bwana wee, na usinipimie nusu ya maneno. Huu si mkaa wa kuchomea mahindi. Ni wa vifuu vya nazi, una vitundu visivyoonekana, unanyonya mvuke wa tina mpaka ushibe. Ukishiba tunautapisha kwa mvuke wa maji ya moto, ndipo uweze kufanya kazi tena. Kuutapisha si tabu. Tabu ni baada ya hapo, mkaa una joto, na tina bado imebaki tumboni. Hapo usiupe hewa mpaka upoe. Ukiupa, unajiwasha wenyewe. Bila kiberiti, bila mtu."

"Hata hewa kidogo?"

"Kidogo ndiyo mbaya kuliko zote! Hewa isipokuwepo, moto hauna cha kula. Ukiachia upepo wa kimbunga, angalau unalibeba joto. Lakini ukiachia katikati, hewa inatosha kuulisha na haitoshi kuupoza. Si ndivyo unavyopepea jiko likakolea?"

Shomvi aliacha kuchokoa meno. Hakuwahi kusikia katikati ikitukanwa nyumbani kwake. Alihisi kama mtu aliyetukaniwa marehemu baba yake mbele ya wageni.

"Na ile mitungi ya naitrojeni?" akauliza. "Si ndiyo ilikuwa ya kuupoza bila hewa?"

"Ulizia wizarani kwenu. Fundi mmoja aliwaambia matairi ya naitrojeni hayachoki, wakaimalizia kwenye misafara ya mawaziri. Mabwana wale wanapita barabarani wamekalia usalama wa Mlegeo mzima. Sasa nimebaki na bomba la maji na vali ya hewa. Vali ifungwe, Shomvi. Ifungwe kabisa. Nenda ukawaambie wakubwa zako."

Shomvi alikwenda. Lakini vali ni kitu kinachofungwa na kufunguliwa, na kitu chochote cha namna hiyo kilikuwa mali ya Mkataba.

*

Mawaziri wakaja wote wawili, kila mmoja na msafara wake na vijana wake, wakapanda jukwaani chini ya lile tangi. Ndani yake mkaa ulikuwa umeshatapishwa na umekaa kimya na joto lake.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa Kilongo, "chama chetu tangu kizaliwe hakijapata kufunga kitu. Sisi ni watu wa mkono uliokunjuliwa! Leo hii tufunge vali, watoto wetu watatuelewaje? Hewa ni haki ya msingi ya kila kiumbe, mkaa ukiwemo. Achia!"

"Iachie!" waliitikia vijana wa kijani.

Dokta Lweno alikohoa kisomi. "Mwenzangu ana huruma, namsifu. Lakini taifa haliendeshwi kwa huruma. Mkaa huu ukipewa hewa leo, kesho utadai maji, keshokutwa utadai katiba mpya. Kaza!"

"Kaza kabisa!" waliitikia vijana wa nyekundu.

"Waheshimiwa," Mishi alipiga kelele kutoka juu ya ngazi ya mtambo, "safari hii Ngumi wamesema kweli, ijapokuwa hawajui kwa nini!"

Ukweli una wakati wake, na ule haukuwa wakati wake. Vijana wa kijani walizomea, wakaanza kuokota kokoto. Wale wa nyekundu, kwa heshima ya Mkataba, nao wakaokota kiasi hicho hicho. Mawaziri wakamgeukia Shomvi.

Shomvi alijua, tusimfichie. Maneno ya mkewe yalikuwa bado ya moto masikioni. Lakini alizitazama zile kokoto mikononi mwa vijana, akakumbuka harufu ya mapaa ya jirani zake yanavyoungua, na ulimi wake ukaenda ulikozoea kwenda.

"Nusu," akasema.

Makofi yaliyopigwa hapo yaliwatisha kunguru. Mawaziri wakakumbatiana, kila mmoja akihakikisha hamkumbatii mwenzake zaidi. Shomvi mwenyewe alipanda ngazi, akalishika gurudumu la vali, akalizungusha hadi katikati, wala fundi wa saa asingemkosoa. Mishi hakumwambia kitu. Katika miaka yote ya ndoa yao, mwanamke huyo hakuwahi kukosa la kusema, na Shomvi akashuka ngazi bila kumtazama usoni.

Sindano ya kipimajoto ikaanza kupanda.

"Inapanda!" akasema Mishi.

"Inastawi," akasahihisha Mheshimiwa Kilongo.

Ikafuata sindano ya pili, inayopima ile gesi isiyo na harufu inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mishi alipoiona imetikisika aliwafukuza mafundi wote wateremke wakimbie, naye akabaki peke yake juu, mkono mmoja kwenye bomba la maji. Nyuma yake yalisimama mapipa ya tina, nyuma ya mapipa ukuta, nyuma ya ukuta Mlegeo.

"Kumeshaanza kufukuta ndani!" alipaza sauti. "Huo ni moto!"

"Ni moto," aliunga mkono Dokta Lweno.

"Si moto," alisema Mheshimiwa Kilongo, kwa kuwa mwenzake amesema ni moto. "Bwana Shomvi, tutafutie neno la katikati."

Shomvi alifungua kinywa. Neno alikuwa nalo tayari, akili zake zilikuwa nyepesi kwa maneno ya aina hiyo. "Joto lenye mwelekeo wa..." akaanza, kisha akamtazama mkewe.

"Mishi, teremka!"

"Siteremki! Funga hewa, nimwage maji! Njia mbili zilimshinda fisi, Shomvi! Funga!"

Hakuna anayejua Shomvi alivyozipanda zile ngazi. Alilikamata gurudumu, likamchoma viganja, akalizungusha mpaka likagoma. Mishi akafungulia maji. Tangi likanguruma, likatoa mvuke kila mshono, vijana wa pande zote wakalala chini kwa usawa. Kisha sindano zikasita, zikaanza kurudi.

Hakuna kilichotokea. Na hapo ndipo balaa la Shomvi lilipoanzia.

*

Kwanza Dokta Lweno alimbeba begani. "Mnamwona kijana wetu! Amekaza!" Mheshimiwa Kilongo akapiga kelele kwamba nchi imepinduliwa. Shomvi akashushwa, akaulizwa mbele ya vipaza sauti: alikaza kwa ajili ya chama gani?

"Sikukaza kwa ajili ya chama, mheshimiwa. Nimekaza kwa sababu ya mkaa."

Dokta Lweno alimtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu. Afisa wa serikali anafanya jambo zima, halifanyi kwa ajili ya Kiganja, halifanyi kwa ajili ya Ngumi, ati kwa ajili ya mkaa! Mawaziri wakanong'onezana. Kwa mara ya kwanza tangu Mkataba utiwe saini, pande mbili zilikubaliana kitu bila kukigawa: Shomvi ashtakiwe kwa kuvunja Maridhiano.

Kesi ilisikilizwa na majaji wawili, wa kulia na wa kushoto. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Mshtakiwa anadai alizuia moto," akasema. "Waheshimiwa, tumeutafuta moto huo. Mashahidi hawakuuona. Zimamoto hawakuitwa. Hakuna hata nyusi ya mtu iliyoungua. Sasa moto ambao haukuwepo, umezuiwaje?"

"Haukuwepo kwa sababu tuliuzuia," alijibu Shomvi.

"Hayo kila mtu anaweza kusema. Mimi mwenyewe leo asubuhi, kabla ya chai, nimezuia tetemeko la ardhi."

Mahakama ilicheka, hata karani. Majaji wakateta kidogo, wakatoa amri iliyosifiwa na magazeti ya pande zote kwa hekima yake. Zoezi lirudiwe hadharani, mkaa ule ule, vali ile ile, nusu ile ile. Moto ukiwaka, mshtakiwa alisema kweli na ataachiliwa kwa heshima zote. Usipowaka, jela.

Mishi alikwenda kumwona rumande. Walizungumza kupitia wavu, askari akisikiliza na kujifanya anakata kucha.

"Safari hii usiguse kitu," alisema Mishi kwa sauti ndogo ambayo Shomvi hakuijua kwamba anayo. "Kaa tu. Moto uwake, wewe utoke."

"Na Mlegeo?"

Mishi aliutengeneza mtandio wake.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Juu pale pale. Wameamuru kila mtu awe mahali pake pa mwanzo."

"Kwa hiyo unataka niuombe moto, nawe umesimama juu yake."

"Nakutaka nyumbani, Shomvi," akasema, na machozi yakamshuka waziwazi mbele ya askari. "Nimechoka kupika chakula cha watu wawili nikala mmoja. Nakutaka nyumbani, basi."

*

Siku ya zoezi kulikuwa na maturubai, bendi ya polisi na soda. Watu wa Mlegeo waliletwa pamoja na watoto wao, wakapangwa mbele kabisa wapate kuona vizuri. Mawaziri walihutubia kwa zamu, kila mmoja akikatizwa katikati ya sentensi ili mwenzake asionewe. Shomvi aliletwa na pingu, akaamriwa apande aifungue vali mpaka katikati kama siku ile. Mkono wake haukukosea hata ukucha.

Sindano ikapanda. Bendi ilikuwa inapiga kitu cha furaha. Shomvi alisimama karibu na gurudumu akaiona sindano ya pili ikitikisika, akasema moyoni, huo unakuja, huo ndio uhuru wangu. Aliutaka. Aliutaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Alihitaji kusimama tu, kazi ambayo watumishi wote wa nchi ile waliifanya kila siku na kulipwa.

Chini, mama mmoja wa Mlegeo alikuwa amemweka mwanawe mabegani, na mtoto anapiga makofi. Juu, Mishi alikuwa na mkono kwenye bomba la maji, hakuwa anaitazama sindano. Alikuwa anamtazama yeye. Hakusema funga, hakusema acha.

"Astaghafirullah," alisema Shomvi, akalirukia gurudumu kwa mikono yake yenye pingu, akalifunga mpaka mwisho.

Maji yakamwagika, tangi likanguruma, sindano zikarudi chini. Watu wa Mlegeo waliguna. Walikuwa wameamka mapema kuja kuuona moto.

Hukumu ilisomwa hapo hapo chini ya turubai. Jaji wa kulia alianza sentensi na wa kushoto akaimaliza: kwamba zoezi limerudiwa kwa uaminifu, kwamba moto haukutokea, kwamba sasa haukutokea mara mbili, na kwamba mshtakiwa, aliyepewa nafasi adimu ya kujitetea, ameitumia kuharibu ushahidi wake mwenyewe. Akapelekwa jela. Mishi akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa kosa la kumwaga maji ya umma.

*

Serikali ilitaka jambo lenyewe liishe vizuri. Kule mitaani bado walikuwepo watu wanaonong'ona kwamba huenda katikati ina hatari zake, na mnong'ono ukiachwa huota mizizi. Ikaamuliwa mkaa usafishwe tena, vali iachwe nusu mchana kutwa, bila Shomvi na bila mkewe, ili taifa lishuhudie kwamba Maridhiano hayaunguzi kitu. Mahali pa Mishi akawekwa kijana wa Kiganja na kijana wa Ngumi, wakakabidhiwa sindano moja kila mmoja.

Mishi alizunguka Mlegeo nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wahame siku hiyo. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa maji ya kunywa, na hakuna aliyefunga hata mkeka. Serikali imesema hakuna hatari, mama. Wewe una uchungu wa mumeo, tunakuelewa. Alirudi nyumbani akalala kifudifudi. Alipoinuka aliuza cherehani na kabati, akatangaza hitima ya babu yake, marehemu wa miaka mingi ambaye alishasomewa akatosheka, na akasema itafanyika upande wa pili wa mji, na pilau litakuwa la mbuzi.

Mlegeo wote ukaenda. Mtu haikimbii hatari aliyoambiwa, lakini pilau hulifuata hata kama hakuambiwa. Vijana wawili wa sindano walisikia harufu ya habari, wakaafikiana mara moja, wakaiacha vali nusu kama ilivyo, wakaenda. Bendi ya polisi ilisema itapitia kidogo tu. Wageni rasmi, kama ada, walikuwa bado wanachana nywele.

Mishi aliwaachia majirani wapakue, akafunga sahani kwa kitambaa, akaenda nayo jela.

Shomvi alikuwa hajamaliza hata tonge la tatu. Kwanza vikombe vya askari viligongana vyenyewe mezani. Halafu ukaja mshindo, wa kwanza wa tangi, halafu mingine ya mapipa, mmoja nyuma ya mwenzake, na dirisha dogo la chumba cha wageni likageuka rangi. Moshi ulipanda upande wa kiwandani, ukainama polepole kuelekea mahali Mlegeo ulipokuwa.

Mishi alijifunika uso kwa mtandio. Shomvi aliisogeza sahani pembeni, akauinamisha uso kwenye viganja vyake vyenye makovu, mabega yakaanza kumtikisika.

Mkuu wa zamu aliingia mbio, uso umemjaa furaha, funguo zinalia kiunoni.

"Bwana Shomvi! Hongera! Umeshinda kesi!"

Askari alisimama na funguo zake, akiwatazama mume na mke wanavyolia, akajiuliza hawa ni watu wa namna gani wasiojua kufurahi.